Kusoma bila mwalimu: tableti za Tanga na watoto wetu

Mtoto aliyekimbia vita akakosa masomo mwaka mzima, ataanzia wapi kusoma? Wazazi waliofika Lubumbashi wakiwa wamepoteza kila kitu wanalijua swali hili. Jibu moja lilijaribiwa Tanga, nchini Tanzania, tena kwa Kiswahili.

Kabla ya hapo, majirani zetu wa Rwanda walikuwa wamepokea maelfu ya kompyuta ndogo za mradi wa One Laptop per Child. Ndani yake kulikuwa na programu ya Sugar, iliyotengenezwa kwa ajili ya watoto: ukiiwasha unaona picha ya mtu katikati, na michezo na kazi zimemzunguka. Kila alichofanya mtoto kiliandikwa kwenye shajara yake. Lakini kompyuta hizo zilipelekwa shuleni, kwa mtoto ambaye tayari ana mwalimu.

Na yule asiye na mwalimu? Mwaka wa 2014 shirika la XPRIZE la Marekani lilitangaza shindano la dola milioni 15, zilizotolewa na Elon Musk. Timu 198 zilijiandikisha, tano zikafika mwisho. Kuanzia mwisho wa mwaka wa 2017, watoto karibu 2,700 katika vijiji 170 hivi vya Tanga walipewa tableti. PAM ilisaidia kuzigawa na kuweka vituo vya kuchaji kwa jua. UNESCO ikawapima watoto. Wengi hawakuwa wamewahi kuingia shule, na zaidi ya 90 kwa mia hawakuweza kusoma hata neno moja.

Mtu asiyejua kusoma hawezi kufuata maandishi ya kumwelekeza. Kwa hiyo sauti ilizungumza naye, picha zikamwonyesha pa kugusa. Programu ya RoboTutor ilimsikiliza hata akisoma kwa sauti. Baada ya miezi 15, wasioweza kusoma neno walipungua kufikia nusu. Nusu nyingine, basi, bado. Hilo tusilifiche.

Tarehe 15 mwezi wa tano 2019, Kitkit School na onebillion waligawana dola milioni 10. Kwangu mimi zawadi si habari kubwa. Habari ni sharti la shindano: programu zote tano zilipaswa kuachwa wazi, kwa Kiswahili na Kiingereza, mtu yeyote azichukue na kuzibadilisha bila kulipa, na zifanye kazi bila intaneti.

Kuzibadilisha ndiko kunakotuhusu sisi. Sauti ya Tanga inasema "maji" na "mtoto". Mtoto wa commune ya Kenya au Katuba anasema "mayi" na "mutoto". Ukimwambia "kitabu", yeye anajua "buku". Programu iliyofungwa ingemwacha hapo. Hizi ziko wazi: kijana wa hapa anayejua kuandika programu, pamoja na mwalimu mmoja mwenye sauti nzuri, wanaweza kurekodi maneno upya, kwa Kiswahili cha nyumbani kwetu.