Dhamiri na Wito wa Taifa



Vijana wetu wamalizapo kidato cha sita, wengi huitwa kambini, katika Jeshi la Kujenga Taifa, kwa mujibu wa sheria. Je, Mkristo aweza kukataa wito huo kwa ajili ya dhamiri? Historia yatusaidia kupambanua.

Jeshi hilo lilianzishwa mwaka 1963 kwa vijana wa kujitolea. Mwaka 1966 serikali iliamua kuwalazimisha wasomi kulitumikia kwa miaka miwili, muda mwingi wakiwa kazini kwa asilimia 40 tu ya mshahara. Tarehe 22 Oktoba mwaka huo wanafunzi wa Chuo Kikuu, Dar es Salaam, waliandamana hadi Ikulu. Bango mojawapo lilisema kuwa ukoloni ulikuwa afadhali. Mwalimu Nyerere akawafukuza zaidi ya 300, wakarudishwa makwao.

Hata hivyo, wanafunzi wale waligusa ukweli mmoja: waliowataka wajifunge mkanda walikuwa wananeemeka. Mwalimu aliusikia. Papo hapo akapunguza mshahara wake kwa asilimia 20, na Februari 1967 Azimio la Arusha likawawekea viongozi wote miiko.

Mtazameni sasa Mwenyeheri Franz Jägerstätter, mkulima wa Austria, mwenye mke na watoto. Alipoitwa katika jeshi la Hitler, alikataa kupigana vita alivyoviona kuwa dhuluma, lakini akawa tayari kuwahudumia majeruhi. Hakusikilizwa. Alikatwa kichwa tarehe 9 Agosti 1943. Kanisa likamtangaza Mwenyeheri mwaka 2007.

Tofauti ni wazi. Wanafunzi walikataa mzigo. Franz alikataa uovu, akaubeba mzigo wake mwenyewe hadi kufa. Ndiyo maana Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Gaudium et Spes, namba 79, wataka sheria ziwatendee kiutu wanaokataa silaha kwa ajili ya dhamiri, mradi wakubali kuitumikia jamii kwa namna nyingine.

Utumishi wa lazima ulisitishwa kwetu mwaka 1994, ukarejeshwa mwaka 2013. Basi, kijana anayesita ajiulize: nakataa ubaya, au nakwepa jasho? Naye mkubwa anayemtuma ajiulize: mimi nimepunguza nini?

Nawatakia Dominika njema.