Herufi ya Mũthoni na Msimbo wa Zamani

Wasee, leo tuongee kuhusu kitu ambacho hakuna anayekiona kwa sababu kiko mbele ya macho kila siku: jinsi kompyuta inavyochora herufi.

Mwaka jana nilikuwa nasaidia katika saiba moja hapa Keumbu, kando ya barabara ya kwenda Keroka. Kazi kubwa pale ni vile vijitabu vya mazishi, eulojia. Siku moja familia ikaleta ya mke wa kijana wao, Mũthoni, mzaliwa wa Nyeri. Tukaandika, tukachapa, na kila mahali pa ũ pakatoka kiboksi kitupu. Mama mwenye saiba akaniambia, "Kijana wangu, weka u ya kawaida tumalize, watu wanangoja."

Nikakataa. Huwezi kumzika mtu kwa jina lililotobolewa. Usiku huo nikaitoa Linux ya zamani, nikaweka mpya. Asubuhi ũ ikatoka safi kabisa. Lakini mama alipoketi kwenye mashine akakunja uso. "Mbona herufi zina ukungu?" Halafu fonti aliyoizoea miaka yote haikuwa tena kwenye orodha. Nilikuwa nimetengeneza kitu kimoja na kuharibu viwili.

Tangu hapo nimekuwa nikifuatilia ubishi mmoja wa watu wa programu huria: je, ule msimbo wa zamani wa kuchora herufi uendelee kuboreshwa, au uachwe na nguvu zote ziende kwa mpya? Ukiangalia historia yake, jibu si rahisi vile kila upande unadai.

Fungua kitabu cha hesabu chenye miraba. Jaribu kuchora "o" nzuri kwa kupaka rangi miraba kumi tu kwenda juu. Ngumu, si ndiyo? Ndani ya fonti, herufi ni mistari iliyopinda, lakini skrini ni miraba mitupu. Apple ilipotoa TrueType mwaka 1991, ilitia ndani ya fonti maelekezo madogo ya kusukuma mistari ile ikae sawa juu ya miraba. Mwaka 1996 David Turner akaanzisha FreeType, programu huria ya kusoma fonti hizo. Baadaye Werner Lemberg, mwanamuziki wa Austria, akawa mmoja wa walioibeba kwa miaka na miaka.

Shida ilikuwa moja. Apple ilikuwa na hataza juu ya namna ya kutekeleza yale maelekezo. Watu wa FreeType wakaandika njia yao ya kukisia jinsi ya kunyoosha herufi bila kuyagusa. Hataza zilipoisha Mei 2010, toleo 2.4 la mwaka huohuo likayawasha maelekezo bila woga. Kwa hiyo ukiona njia mbili za kufanya kazi moja ndani ya msimbo ule, usicheke. Msimbo wa zamani una makovu, na kovu halitokei bure.

Sasa, kuchora herufi moja si sawa na kupanga maneno. Kazi ya kupanga ilihamia HarfBuzz, ambayo mbegu yake ilikuwa msimbo uliotoka ndani ya FreeType, kisha Behdad Esfahbod akauandika upya. Jina ni la Kiajemi, na hiyo "harf" ni ndugu ya "herufi" yetu. LibreOffice ilihamia HarfBuzz katika toleo 5.3, mwaka 2017. Pango, inayopanga maandishi kwenye programu nyingi za Linux, ikaifuata kikamilifu katika toleo 1.44, mwaka 2019.

Faida ni kubwa, na siwezi kuibishia. Kiswahili kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu pwani karne nyingi kabla ya hizi za Kizungu, na herufi zile hubadilika umbo zinapoungana. Msimbo usiojua kupanga hauwezi kuziandika. Hata sisi Abagusii tumejificha tu. Ekegusii ina irabu saba kama Gĩkũyũ, lakini Wakikuyu walipata ĩ na ũ, sisi tukabaki na tano, zingine tunazikisia tukisoma. Ndiyo maana kompyuta haitusumbui. Siku tukiamua kuandika zote saba, tutaihitaji kazi mpya kama familia ya Mũthoni ilivyoihitaji.

Lakini gharama pia iko. LibreOffice 5.3 iliacha fonti za Type 1. Pango 1.44 iliacha fonti za miraba mitupu, na ikabadilisha namna ya kupima nafasi kati ya herufi. Wenye skrini za kawaida wakalalamika: ukungu, nafasi hazilingani. Kwenye skrini yenye pikseli nyingi huoni tofauti. Kwenye skrini ya 1366 kwa 768, ile inayokuja na laptopu ya mitumba, unaiona siku nzima hadi kichwa kinauma.

Upande wa pili una hoja moja nzito, nayo ni usalama. Oktoba 2020 ilipatikana hitilafu ndani ya FreeType, kwenye sehemu inayosoma picha ndogo zilizofichwa ndani ya fonti, na wahalifu walikuwa tayari wanaitumia dhidi ya Chrome. Machi 2025 Meta ikatangaza nyingine. Mwaka huo Chrome 133 ikahamishia fonti za wavuti, kwenye Android na Linux, kwa Skrifa, iliyoandikwa kwa lugha ya Rust ili makosa ya aina hiyo yasipate nafasi. Sawa, waandike upya.

Ila tazama hiyo ya 2025 vizuri. Hitilafu ilikuwa katika toleo 2.13.0 na yaliyotangulia. Matoleo ya baadaye yalikuwa tayari salama. Waliobaki na nakala za zamani ndio waliokuwa hatarini. Kiraka cha Android kilitoka Mei, na simu ambayo haipokei tena masasisho haikukipata. Ngapi ziko sokoni Keumbu, na M-Pesa ndani yake?

Kwa hiyo mimi nasema hivi: msimbo wa zamani usiongezewe ghorofa, lakini uendelee kuzibwa paa. Vitu vipya viende kwa mpya. Kuacha kuuziba kungojee hadi wanaoishi ndani yake wapate pa kuhamia, na wengi wao ni sisi. Anayesema "nunua skrini nyingine" hajui bei ya skrini Kisii ukilinganisha na faida ya kurasa za shilingi kumi.

Mama nilimwekea Andika, fonti ya bure ya SIL yenye jina la Kiswahili, iliyotengenezwa kwa wanaojifunza kusoma. Nikaingia kwenye mipangilio, nikarudisha kunyoosha herufi hadi mwisho. Ukungu ulipungua, haukuisha. Mpaka leo husogeza kiti karibu na skrini. Lakini eulojia ilitoka siku hiyohiyo, na Mũthoni akasomwa kwa jina lake.