Sanduku Moja, Majina Elfu

Kompyuta kuukuu iliyo chini ya meza yangu hapa Nairobi ni seva. Imehifadhi sauti ya nyanya yetu akisimulia maisha yake, na dadangu aliye Doha anataka kuisikiliza. Nikiwa nyumbani, faili zinafunguka fasta. Yeye akijaribu, kimya. Ulinzi wa seva unaruhusu. Ruta nayo imeelekezwa sawasawa. Lakini kwenye kumbukumbu za ruta hakuna hata ombi moja lake. Linazuiwa kabla halijanifikia.

Jibu liko kwenye ruta yenyewe: anwani yake ya upande wa nje inaanza na 100.72. Hiyo namba ina historia.

Kanuni za IPv4 zilipochapishwa mwaka 1981, kila anwani ilipewa biti 32. Ukipiga hesabu, ni anwani bilioni 4.3 hivi. Zilionekana nyingi, zikagawiwa kama njugu. Chuo cha MIT huko Marekani peke yake kilipata zaidi ya milioni 16. AFRINIC, shirika linalogawa anwani barani Afrika, lilitambuliwa rasmi 2005, wenzetu wakiwa wameshapakua. Februari 2011 ghala kuu la dunia likabaki tupu. 2017 MIT ikatangaza kuuza sehemu ya zake. Mwaka huo huo AFRINIC ikaanza kugawa kwa kubana.

Dawa ikawa kugawana. Kama umekulia ushago, unajua S.L.P. ya shule ya msingi: kijiji kizima, sanduku moja. Mbinu hiyo kwenye intaneti huitwa NAT, na maelezo yake yalichapishwa 1994. Aprili 2012 likatengwa fungu la 100.64 hadi 100.127, maalum kwa kampuni za intaneti zinazowapa wateja wengi anwani moja ya nje.

Mashine ya kampuni huandika kila ombi linalotoka, ndiyo maana jibu hujua pa kurudi. YouTube inafunguka kwa sababu wewe ndiye uliyebisha. Ombi la mgeni likifika bila kuitwa, mashine haijui ni la nani kati yetu. Inalitupa tu.

Kwa hivyo tumepewa nusu ya intaneti: kuchukua tunaweza, kufikiwa hatuwezi. Hata sauti ya nyanya inabidi ipitie kwa mtu mwingine.

Tiba kamili ni IPv6 yenye biti 128, iliyochapishwa mara ya kwanza 1995, lakini laini yangu haina. Basi seva yangu inatoka yenyewe, kwa njia ya siri ya WireGuard, hadi kompyuta ndogo ninayokodi ng'ambo yenye anwani yake. Dadangu anaingilia hapo. Nalipa kila mwezi.

Nawe seva ikigoma, linganisha anwani ya nje iliyo kwenye ruta na ile ambayo tovuti za nje zinakuona nayo. Zikitofautiana, wacha kufungua na kufunga milango ya ruta. Uko kwenye sanduku la kijiji.