Prius Inatetemeka Asubuhi? Usikimbilie Kuongeza Maji

Ka uko Bombolulu na Toyota Prius ya 2009 hadi 2015, na asubuhi ukiiwasha injini inatetemeka kisha inatulia baada ya dakika moja, usiseme iko sawa. Cheki chupa ya kulanti. Ikishuka kila wiki na hakuna tone chini ya moti, huenda inaingia kwa silinda usiku. Hapo gaskiti ya hedi imeanza kuachia.

Mafundi wengi wa haibridi wanalaumu EGR. Huo mfumo hurudisha moshi kidogo ndani ya injini, na kipoza chake huziba masizi. Njia zikiziba, silinda zingine hupata moshi na zingine hukosa. Ukibadilisha gaskiti bila kuosha EGR na manifoldi, umetupa doo, buda. Mashine ikisoma P0300 mpaka P0304, maana yake silinda haichomi vizuri. Fundi akikimbilia kukuuzia plagi, muulize kama amepima presha ya kulanti.

Oili nayo icheki kila ukijaza mafuta, zingine zinainywa kimyakimya.

Pampu ya maji ya hii injini ni ya umeme, haina mkanda, so ikifa hausikii kitu.

Halafu maji ya kisima ya huku Pwani mara nyingi yana chumvi. Usiyamimine humo, hata kama una mteja wa app Nyali na bado unalipa loni. Tumia kulanti ya Toyota, ile ya pinki. Taa nyekundu ya joto ikiwaka, egesha, zima, itisha gari ya kuvuta.