Historia ya chujio: maji safi yanaanzia kwa anayeliosha



Sisi tuliokaa kambini tunajua kolera kwa jina na kwa sura. Kule Goma, mwezi wa 7 mwaka 1994, mamia ya maelfu ya wakimbizi kutoka Rwanda waliingia kwa siku chache tu. Katika mwezi ule wa kwanza karibu watu 50,000 walikufa, wengi juu ya kolera na kuhara damu. Na Ziwa Kivu lilikuwa pale pale, limejaa. Maji yalikuwako, maji safi ndiyo yalikosekana.

Funzo hilo si la jana. Mwaka 1892, huko Ujerumani, miji miwili jirani, Hamburg na Altona, ilikuwa inakunywa mto mmoja, Elbe. Altona iko chini ya mto, basi ilipokea hata uchafu wa Hamburg. Lakini kolera iliua watu zaidi ya 8,000 Hamburg, na Altona kwa sehemu kubwa ikaponea. Sababu gani? Altona ilipitisha maji yake katika mchanga, Hamburg hapana. Ila mchanga unaziba, lazima kukwangua tabaka la juu. Baridi ya mwaka ule, chujio moja la Altona lilishikwa na barafu wakati wa kusafishwa, likaharibika, na kolera ikaingia Altona yenyewe. Daktari Robert Koch alichunguza jambo hilo akaliandika.

Machujio tuliyo nayo leo katika nyumba zetu yana asili nyingine. Miaka ya 1960, huko Marekani, Henry Mahon na wenzake wa kampuni ya Dow walitengeneza nyuzi nyembamba zenye uwazi ndani, kama mirija midogo sana. Walitafuta kutoa chumvi katika maji. Nyuzi za namna hiyo ziliingia pia hospitalini, katika mashine za kusafisha damu ya wenye figo mbovu.

Katika chujio la ndoo, nyuzi nyingi zimefungwa pamoja. Maji yanapenya ukuta wa uzi kuingia ndani, uchafu unabaki nje. Matundu ya ukuta yanaweza kuwa ya mikromita 0.1, na mdudu wa kolera ana unene wa karibu mara tano ya hapo, hawezi kupita. Virusi ni vidogo zaidi, vingine vinapita. Sumu na chumvi zilizoyeyuka pia zinapita.

Sasa, uchafu uliobaki nje unaenda wapi? Hauendi popote. Unajilundika mpaka maji yanatoka tone kwa tone, na mama wa nyumba anarudia maji ya mtoni. Dawa yake ni kusukuma maji safi kinyume, kutoka ndani kwenda nje, kwa seringi iliyokuja na chujio. Usingojee lizibe kabisa. Maji ya matope yatulie kwanza katika bidoni. Ndoo ya kupokelea ioshwe pia, maana maji yaliyochujwa yakiingia katika chombo kichafu, kazi yote imepotea.

Kwa wafadhili tunasema hivi: mkitoa chujio, msisahau seringi, na siku moja ya kufundisha. Na sisi wanamemba, kila kartie iwe na mtu mmoja anayepita kuuliza: limeoshwa lini?