Kitambaa cha Kochi Kutoka Kwakoa

Nianze kwa kukiri kosa. Mwaka jana nilikwenda Kwakoa kumsalimia bibi yangu, nikafika viatu vimejaa vumbi. Nikaona kitambaa chakavu chini ya meza, nikakichukua nikafutia viatu. Bibi alikuwa amekaa mlangoni akichambua maharage ya makande. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Mjukuu wangu, hicho unachofutia viatu, wenzake ndio waliomvalisha baba yako sare ya darasa la kwanza."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nilikifua kwa mikono yangu mwenyewe, na kilipokauka ndipo nilipokitazama vizuri kwa mara ya kwanza. Maua mawili pembeni, rangi imefifia, majani yamedariziwa kwa mshono wa mnyororo, ukingo umefumwa kwa uzi mweupe. Kitambaa cha kochi, kama vile vilivyojaa sebule za wazazi wetu wote. Kumbe bibi alikuwa akividarizi usiku kwa mwanga wa kibatari, akiwauzia walimu na watumishi wenye makochi. Fedha ndiyo iliyonunua kaptura na shati.

Kwa wasiopajua, Kwakoa iko wilaya ya Mwanga, uwandani mashariki mwa milima ya Upare Kaskazini. Jua kali, mvua za kubahatisha. Zamani Mwanga na Same zilikuwa wilaya moja ya Pare. Huko ukitegemea shamba peke yake unaweza kulala njaa, kwa hiyo mkono lazima ujue kazi ya pili.

Tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza: nani alimpa bibi yangu sindano? Nikaanza kufuatilia, na safari ikanipeleka mbali kuliko nilivyotegemea.

Tuanze na kitambaa chenyewe. Bibi anakiita "marekani". Nilidhani ni jina la dukani tu. Kumbe mwaka 1833 Sayyid Said, aliyetawala Oman na Zanzibar, alitia saini mkataba wa biashara na Marekani, na mwaka 1837 konsuli wa kwanza wa Marekani akafika Unguja, mfanyabiashara kutoka mji wa Salem, Massachusetts. Meli za Salem zilileta kitambaa kigumu cha pamba kisichopaushwa, zikaondoka na pembe za ndovu na sandarusi. Watu wa pwani wakakiita kitambaa kwa jina la kwao kilikotoka. Sasa fikiria: sehemu kubwa ya pamba ile ililimwa na watumwa wa kusini mwa Marekani, ikafumwa kaskazini, ikaja kubadilishwa na pembe zilizobebwa kwa mabega ya wapagazi kutoka bara. Moja ya njia za misafara ilianzia Pangani na kupita mabondeni chini ya milima ya Upare. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vya 1861 hadi 1865 vilipokata pamba ile, vitambaa vya India na Uingereza vikashika nafasi. Jina likabaki "marekani" mpaka leo hii kwa bibi.

Wapare wenyewe hawakuwa watu wa kusubiri kuletewa kila kitu. Wahunzi wa Ugweno walifua chuma kilichouzwa mpaka Uchagani. Ila nguo za kale zilikuwa za ngozi. Kitambaa cha pamba kilikuja na misafara, kisha na reli ya Tanga iliyopita Same na kufika Moshi mwaka 1911.

Pwani nako sindano ilikuwa na mambo yake. Inasimuliwa kwamba kanga ilianza pale wanawake wa Unguja na Mombasa, karne ya 19, waliponunua leso zikiwa bado hazijakatwa, wakakata vipande vya tatu tatu na kuviunganisha kwa mshono wa mkono. Yaani vazi tunaloliona ni la kiwandani tangu mwanzo lilizaliwa sebuleni, kwa akina mama na sindano zao! Na kofia za kudarizi kwa mkono za Zanzibar na Lamu zimekuwa zawadi ya mke kwa mume kwa miaka mingi. Kofia moja huweza kuchukua miezi.

Upareni somo la sindano lilipitia zaidi kwa wamisionari. Walutheri wa Leipzig walifika Shighatini mwaka 1900. Waadventista Wasabato walianza Giti, Upare Kusini, mwaka 1903. Wasichana wa misheni walifundishwa kusoma, usafi na kushona. Kanisani wakasikia habari za Dorkasi wa Matendo ya Mitume, mama aliyewashonea wajane nguo, na vikundi vya akina mama wa Kisabato vikabeba jina lake. Bibi alifundishwa kudarizi na mama yake, na mama yake alifundishwa misheni.

Hapa nataka tusidanganyane. Nia ya masomo yale haikuwa kumpa mwanamke uchumi wake. Ilikuwa kumfanya mke nadhifu wa mwalimu au mchungaji. Cherehani, yenye fedha ya haraka, mara nyingi ilikaa barazani kwa fundi mwanamume. Mwanamke akapewa sindano ya mkono na uzi, apambe nyumba. Vilabu vya wanawake vya miaka ya 1950, wakati wa mkoloni, viliendeleza yale yale: mapishi, usafi wa mtoto, kushona. Hata baada ya Uhuru, Umoja wa Wanawake ulipoundwa mwaka 1962 chini ya Bibi Titi Mohamed, darasa la kushona halikufutwa. Lakini akina mama walilichukua somo lile la kupambia nyumba wakaligeuza kuwa biashara.

Na hilo lilionekana zaidi wakati wa dhiki. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vilipoisha, Mwalimu alituomba tufunge mikanda miezi 18. Miezi ikawa miaka. Sabuni foleni, sukari foleni, nguo ndiyo usiseme. Baba yangu alianza shule katikati ya shida hiyo. Bibi anasimulia alivyofumua sweta kuukuu apate uzi wa rangi, na alivyofua mifuko ya unga wa ngano mpaka maandishi yakatoka, akaipata nguo ya kudarizia. Watu hupenda kututania Wapare kwa ubahili. Mimi siku hizi nawajibu kwamba ubahili ule ndio ulionifikisha hapa. Mwaka 1984 serikali ililegeza masharti ya kuingiza bidhaa, mitumba ikamiminika, ile tuliyoiita "kafa Ulaya". Nguo zikawa rahisi. Ila soko la vitambaa vya bibi likaanza kufa polepole, maana wateja wake sasa walitaka vya dukani.

Tukiandika historia ya Upare tunataja chuma cha Ugweno, na tunataja mbiru, ile kodi iliyowafanya maelfu ya wanaume wapige kambi Same mwaka 1945. Ni haki kabisa. Lakini sindano hatuitaji. Ni kazi ya usiku, ya mwanamke, na zao lake tunaliwekea glasi ya chai juu yake. Mimi nilifutia viatu.

Ukitaka kujaribu, kazi yenyewe haina gharama. Kata kitambaa cheupe sentimita 50 kwa 50, kunja ukingo na uushone. Chora ua kwa penseli kwenye kona. Toboa kutoka chini, rudisha sindano kwenye tundu lile lile ukiacha kitanzi, kisha itokeze mbele kidogo ndani ya kitanzi na uvute taratibu. Hilo ni pete moja ya mnyororo. Rudia mpaka mstari uishe. Vitambaa vinne ni zawadi ya harusi ambayo bwana na bibi harusi hawatapewa na mtu mwingine.

Mimi nimejaribu. Nilimpelekea bibi kitambaa changu Desemba, nikidhani nimelipa deni. Akavaa miwani, akakigeuza nyuma kwanza, maana anasema mdarizi hujulikana upande wa nyuma. Akachukua wembe akafumua ua lote, akabakiza jani moja. "Hili linafaa," akasema. "Anzia hapa."

Haya, kwa leo niishie hapo. Nina ua la kushona upya.