Majani ya Bibi

Nianze kwa kukiri kosa. Nilipokuwa sekondari mjini Mbeya, niliona haya kusema kwamba bibi yangu kule Tukuyu alitutibu kwa majani. Wenzangu wangeniita mjukuu wa mchawi, basi ingekuwa balaa.

Haya hiyo ina historia. Vita ya Majimaji (1905–1907), iliyofika hadi Ubena, ilipiganwa na watu walioamini maji ya dawa yangezuia risasi. Wajerumani wakawaona waganga kuwa wachochezi. Mwaka 1928 Waingereza wakaleta Sheria ya Uchawi. Machoni pa wengi, mganga na mchawi wakatiwa kapu moja.

Je, bibi yangu angeingia kapu lipi? Hakupiga ramli wala kudai kuku mweusi. Kifua kikibana wakati wa baridi, alichemsha majani ya mkaratusi, akatufunika blanketi, tukajifukiza mpaka jasho. Tumbo likiendesha, tulikunywa maji ya majani machanga ya mpera. Binamu zangu wa Pawaga, bonde la joto kule Iringa, homa yao ilikuwa ya mwarobaini, mchungu kuliko deni.

Nilipoanza kuandika riwaya yangu ndipo nikagundua jambo. Mkaratusi asili yake Australia, mpera ni wa Amerika, mwarobaini wa Bara Hindi. Kumbe jadi yetu haikukaa kitako! Wazee walipokea mti mgeni, wakaujua, wakaufanya wao.

Wasomi nao walistuka. Mwaka 1974 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianzisha kitengo cha utafiti wa dawa za asili pale Muhimbili, kikawa taasisi mwaka 1991. Sheria ya tiba asili ikatungwa mwaka 2002.

Lakini bibi alijua pia majani yanapoishia. Usiku mmoja mdogo wangu alikuwa anahema, mbavu zinaingia ndani. Bibi alimtazama, akaepua sufuria.

"Hii si ya majani, wajukuu zangu. Mbebeni hospitali sasa hivi."

Mdogo wangu yupo hadi leo. Bibi hayupo.

Vijana wenzangu mnaotaka kuandika, nendeni na daftari kwa wazee mngali nao. Kuna jani bibi alitupaka kwenye vidonda. Nililichuma mwenyewe nyuma ya choo, mara nyingi tu. Jina lake sikuuliza.